Mfuko wa Mama: Dola 4 zilikwenda wapi?



Juma lililopita kikundi chetu cha likirimba hapa Murara kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya dola 4. Tulimpa mwenzetu dola 120 avuke Petite Barrière, aende Gisenyi kutununulia maharage. Siku hiyo hakupata maharage mazuri. Jioni akarudi na dola 115 na franga 1,250 za Rwanda. Wengine walinyamaza. Mmoja akasema wazi: «Feza yetu umekula.»

Hakula kitu. Tulikaa chini, tukachukua kalamu. Asubuhi kambisti alinunua dola zake kwa franga 1,400 kila moja: 120 mara 1,400 ni franga 168,000. Jioni, alipotaka dola zirudi, aliuziwa kwa 1,450. Gawanya 168,000 kwa 1,450: unapata dola 115, na franga 1,250 zinabaki. Hesabu ikatoka sawasawa. Tulimwomba msamaha.

Kambisti ana bei mbili: ananunua chini, anauza juu. Katikati ndipo anapata chakula cha watoto wake. Si wizi, ni kazi. Lakini kila mara unapovunja feza, unalipa. Anayetoka na franga za Kongo, akanunua dola, kisha akazivunja tena Gisenyi, amelipa mara mbili kabla ya kugusa mzigo.

Basi, mama anayevuka, ashike haya:

Vunja kidogo kwanza. Chukua franga za usafiri na chakula, kaone mzigo, ndipo uvunje zingine. Uliza kambisti wawili au watatu, na uulize bei zote mbili: ya kununua na ya kuuza.

Angalia kila noti ya dola nyumbani, penye mwanga. Huko Marekani noti ya zamani haijapoteza thamani, lakini kwetu mpasuko mdogo kama ukucha unatosha ikataliwe. Ukienda mbali, Kigali au Kampala, noti safi za 50 na 100 hupata bei nzuri kuliko ndogondogo na za zamani.

Hesabu ya mwisho iwe yako. Kambisti akichukua tena feza mkononi mwako ati anaongeza kitu, hesabu upya yote tangu noti ya kwanza. Usione haya, hata kama watu wamepanga mstari nyuma yako.

Usitegemee simu peke yake. Tangu banki za Goma zifunge milango mwanzoni mwa 2025, simu ndiyo imekuwa banki yetu. Lakini ng'ambo wanatumia MTN MoMo na Airtel Money ya Rwanda; feza iliyo kwenye M-Pesa au Orange Money ya Kongo inaweza kukwama huku mtoto analia njaa. Toa ya kukutosha kabla ya kuvuka, na uliza kwanza utakatwa ngapi.

Mwenye karte ya banki: mashine ikiuliza ulipe kwa dola au kwa franga za Rwanda, chagua franga. Ukichagua dola, mashine inajipangia bei yake, na mara nyingi ni mbaya. Namba ya siri bonyeza mwenyewe, hata kama muuzaji ana haraka ya kukusaidia.

Usiweke feza yote mahali pamoja. Ya usafiri iwe karibu na mkono; ya mzigo ikae ndani ya kitenge, uitoe mbele ya unayemlipa tu.

La mwisho ndilo lililotuokoa: karatasi. Mwenzetu alikuwa ameandika bei ya asubuhi na bei ya jioni nyuma ya daftari la mtoto wake. Bila ile mistari miwili, leo angekuwa anaitwa mwizi sokoni. Kikundi chetu kimekata neno: anayevuka na feza ya wenzake anaandika bei palepale anapovunja, na sisi tunasoma kabla ya kufungua mdomo.

Dola 4 tutazitafuta tena. Jina la mama likichafuka, hakuna kambisti wa kulibadilisha.

Tuonane juma lijalo.