Fei Toto hakumsaliti mtu!

Nimetoka zamu ya usiku, nafungua simu, binamu yangu bado anamwita Fei Toto msaliti. Mpaka leo jamani?

Desemba 2022 kijana wetu alitaka kuvunja mkataba na Yanga, akaweka shilingi milioni 112. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa hachezi, mpaka Juni Rais Samia alipowaomba Yanga wayamalize, ndipo akenda Azam.

Mtanambia mkataba ni mkataba. Haya, mbona kila dirisha la usajili klabu zinatema watu wenye mikataba, na nyinyi mnashangilia kuwa timu inajijenga? Akitaka kuondoka mchezaji mwenyewe, anatukanwa mpaka mamake!

Mimi nimeyaonja. Hapa Oman, kabla ya Januari 2021, kuhamia mwajiri mwengine lazima wa zamani akupe barua ya ruhusa, la sivyo urudi kwenu miaka 2. Mimi nilinyimwa. Mwezi ule ule wauguzi wawili wa wodi yetu wakapunguzwa, na wao hawakuombwa ruhusa.

Binamu, nasubiri jibu lako. Shangazi msalimie.