Majani nayo yana zamu yake



Sisi tunaofundisha tunaijua vizuri wiki ile ya kulipa feza za shule. Mama anafika na feza zake zimefungwa katika kitenge, na ukimuuliza zimetoka wapi, jibu halibadiliki: aliuza mbuzi. Katika nyumba nyingi za kwetu ng'ombe ni wa baba na shamba ni la ukoo, lakini mbuzi na kondoo ndio sanduku la mama. Kwa hiyo mbuzi akifa, hatupotezi nyama peke yake. Tunapoteza muhula wa mtoto, pengine na feza za hospitali ya kujifungua.

Nao hufa hasa wakati wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, wakati majani yamejaa kila mahali. Watu wanashangaa: chakula kipo, mbona mbuzi anakonda? Wengine wanasema ni sumu, wengine wanamtazama jirani vibaya. Mara nyingi adui ni minyoo, na sisi wenyewe tunamlisha mbuzi minyoo hiyo kwa namna tunavyomfunga.

Tueleze kidogo. Mnyoo mbaya kuliko wote anakaa tumboni mwa mbuzi na kondoo, ananyonya damu. Jike mmoja anataga maelfu ya mayai kwa siku, na mayai hayo yanatoka pamoja na mavi. Kukiwa na joto na unyevu, baada ya siku 4 hadi 7 yamekwisha kuanguliwa na kukomaa, na watoto wa minyoo wanapanda juu ya majani kwa kufuata maji ya mvua na umande. Wengi hawapandi mbali. Wanabaki chini, katika sentimita 5 za kwanza kutoka kwenye udongo. Mbuzi anawameza, na kazi inaanza upya.

Sasa tutazame kigingi chetu kando ya njia. Mbuzi amefungwa pale wiki mbili, tatu, mpaka majani yameisha na udongo unaonekana. Anakula chini kabisa, palepale alipoacha mavi wiki iliyopita. Hapo hata dawa ya bei kali haitamsaidia muda mrefu.

Sisi wamama tunajua likelemba. Kila mmoja ana zamu yake, na anayetaka kula kabla ya zamu anaua likelemba yote. Majani nayo ni vivyo hivyo: kila sehemu iliwe kwa muda mfupi, kisha ipumzike muda mrefu, bila mbuzi wala kondoo kuikanyaga.

Wataalamu waliojaribu jambo hili Tonga, nchi ya visiwa yenye joto na mvua katika bahari ya Pasifiki, walieleza matokeo mwaka 1994. Waligawa malisho ya mbuzi sehemu 10. Mbuzi walikaa siku tatu na nusu katika kila sehemu, wakarudi ya kwanza baada ya siku 35. Mayai ya minyoo katika mavi yao yalikuwa machache kuliko ya mbuzi waliobaki mahali pamoja. Sababu ni nyepesi: waliondoka kabla ya mayai kuwa hatari, wakarudi wakati watoto wengi wa minyoo wamekwisha kufa kwa kukosa wa kuwameza. Lakini tuangalie: penye baridi, kama milimani Walungu na Kabare, minyoo inaishi muda mrefu zaidi kwenye majani kuliko bondeni Ruzizi. Huko juu, ukiweza kungoja wiki 6 au zaidi, ngoja.

Kwa mama mwenye mbuzi mmoja au wawili, kazi inaweza kwenda hivi. Kamba ya mita 4 inampa mbuzi mmoja duara la karibu mita za mraba 50. Tafuta sehemu 10 kwa kila mbuzi, duara moja lisiingie katika lingine. Zipe namba, 1 hadi 10. Hamisha kigingi kila Jumatatu na kila Alhamisi, na baada ya wiki 5 utarudi kwenye namba 1. Mtoto anaweza kuandika zamu katika daftari, ni zoezi zuri la hesabu. Na asubuhi hiyo aende darasani, kwa sababu mbuzi aliyefungwa vizuri, mwenye maji na kivuli, hahitaji mtoto wa kumchunga siku nzima. Mtu mzima apite mara kwa mara kuona kama kamba haikujizungusha.

Mambo mengine ya kukumbuka:

Ngoja umande ukauke kabla ya kumtoa mbuzi.

Usingoje majani yaishe. Yakibaki marefu kama upana wa kiganja, hama, hata kama siku haijafika. Hivyo yatachipua upesi pia.

Sehemu safi kabisa, kwa mfano shamba la maharagi lililovunwa na ambalo halikuwa na mifugo, uwape kwanza wenye watoto wachanga. Watoto ndio wanaokufa upesi.

Usipeleke kondoo mahali mbuzi walipotoka ukifikiri ni safi. Minyoo yao ni ileile.

Mama asiye na sehemu 10 afanye nini? Wako wengi, na hatutaki wabaki nyuma. Anaweza kumweka mbuzi katika kibanda chenye sakafu ya miti iliyoinuka, mavi yaanguke chini, na kumletea majani: tripsakumu iliyopandwa kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko, matete, kamba za viazi vitamu, majani ya kaliandra. Ayatundike, asiyatupe chini. Mavi yaende kwenye shimo la mbolea.

Hata kwa kuzungusha, minyoo haiishi yote. Kila wiki mbili fungua jicho la mbuzi, uangalie ngozi ya ndani ya kope. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa nyeupe kama karatasi, au amevimba chini ya taya, anahitaji dawa haraka. Waganga wa mifugo wa Afrika Kusini wametengeneza karatasi ya rangi tano kwa kazi hiyohiyo. Tusinyweshe dawa wote kila mwezi kwa mazoea, maana minyoo inaizoea na dawa inakosa nguvu. Mganga wa mifugo akadirie uzito na kipimo, na mwambie kama mbuzi ana mimba, kwa kuwa albendazoli haifai mimba changa.

Sasa tuseme lililo gumu. Mama mmoja anaweza kuhamisha kigingi chake kwa uaminifu wiki 5, na mbuzi wa jirani anayezurura akaharibu yote kwa asubuhi moja, kwa sababu ameacha mavi kwenye majani yaliyokuwa yakipumzika. Ndiyo maana hili si la mtu mmoja. Ni la kikundi. Vikundi vingi vyetu vinapeana mbuzi: anayezaa wa kwanza anamkabidhi mwenzake mtoto jike. Tunapokabidhi mbuzi, tukabidhi na sheria: hakuna mbuzi bila kamba, hakuna kigingi mahali pa mwenzako wakati wa mapumziko, na mbuzi mgeni aangaliwe macho, atibiwe ikihitajika, na abaki kibandani siku chache kabla ya kuingia katika majani.

Kazi ya wiki hii: katika mkutano wenu, hesabuni mbuzi na kondoo wa wanakikundi wote. Kisha tembeeni pamoja kando ya mashamba, mhesabu sehemu za majani mlizo nazo, na mzungumze na wenye mashamba kabla ya kufunga mnyama. Mkiona mbuzi ni wengi kuliko majani, semeni waziwazi, mamue nani atalisha kibandani. Wiki ijayo tutaongea juu ya kujenga kibanda hicho kwa miti na mianzi.

Tuonane, wamama. Mchunge vizuri.