Oili Kabla ya Moto

Wahenga hawakuwa na magari walipotuonya kuhusu haraka. Laiti wangaliona injini iliyofumuliwa, ikasukwa upya, kisha ikawashwa kabla ya wakati wake, yamkini wangalituachia methali mbili tatu zaidi. Naandika haya kwa uchungu, maana haraka hiyo niliilipia mwenyewe.

Gari langu ni Peugeot 504, aina iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1968 na baadaye ikawa inaunganishwa Mombasa. Wazazi wetu wanakumbuka iliposhinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978. Sisi tunaikumbuka kwa safari za kwenda mashambani, tumebanana kiti cha nyuma pamoja na kuku. Miaka kadhaa iliyopita injini yake ilisukwa upya katika gereji moja: pistoni, ringi, beringi na kamshafti, vyote vipya. Siku ya kuiwasha watu walijaa kana kwamba pana arusi. Mwanagenzi alizungusha ufunguo, injini ikakohoa, ikaitika, nasi tukapiga makofi. Tukaiacha ingurume polepole huku tukipongezana.

Juma la pili ilianza kugonga kama mchi kinuni. Ilipofunguliwa, vile vinundu vya kamshafti vinavyosukuma valvu zifunguke vilikuwa vimelika, na chembechembe za chuma zimetapakaa katika oili. Ndani ya kisanduku cha vipuri mlikuwamo karatasi yenye maelekezo, kwa Kiingereza. Mafundi hawakuisoma. Mimi niliisoma, nikadhani ni maneno ya wafanyabiashara tu. Hiyo ndiyo shahada yangu ya uzamifu.

Injini hiyo hiyo ilisukwa tena na mzee mmoja wa jua kali. Akaniambia, “Mwalimu, chuma kikigusana na chuma pasipo oili, hata kwa kufumba na kufumbua, kimekwisha umia.” Kila beringi na kila kinundu alikuwa amekipaka mafuta mazito wakati wa kufunga. Chujio jipya alililowesha oili. Aliijaza redieta maji na kutoa hewa iliyonaswa, akahakikisha taimingi iko sawa na betri imejaa chaji. Kisha alichomoa plagi zote, akatenga waya wa koili ili pasiwe na cheche, akaizungusha injini kwa stata, muda mfupi mfupi, hadi geji aliyoifunga ikaonyesha kwamba oili imekwisha kupanda. Plagi zikiwa nje hakuna mgandamizo, hivyo beringi hazielemewi.

Ndipo akarudisha plagi na kuitia kabureta petroli, injini ikubali mara moja bila kusumbuliwa na stata. Ilipowaka hakuiacha ingurume polepole. Aliishikilia kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20, kwa kuwa vinundu vya injini za namna hii hutegemea sana oili inayorushwa na krankishafti, na injini inapokwenda pole oili hiyo huwa haba. Jicho lake halikutoka kwenye geji. Oili yenyewe aliichagua kwa makini: nyingi za siku hizi zimepunguzwa zinki ili kulinda vichujio vya moshi, ambavyo gari langu halina, ilhali zinki ndiyo kinga ya kamshafti za kale.

Haya yote aliyaeleza kwa Kiswahili, bila kukwama hata mahali pamoja. Wako wenzangu wanaodai kwamba plagi, koili na tapeti ni maneno ya vichochoroni. Sikubaliani nao kamwe. Meza tuliipata kwa Wareno na shule kwa Wajerumani, wala hakuna mwalimu anayeyakata kwa kalamu nyekundu. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi, lakini kijana anayejifunza umekanika bado husomea na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hufanya kazi kwa Kiswahili maisha yake yote. Katikati ya lugha hizo mbili ndimo kamshafti yangu ilimopotelea.

Walimu wa Kiswahili, kila mwaka mnawaandikisha wanafunzi maelekezo ya kupika pilau. Si vibaya. Lakini mbona msiwatume gerejini wakiwa na daftari, wamsikilize fundi, waandike hatua zake kwa mpangilio, wamsomee awakosoe? Watajifunza kwamba “kisha” na “kabla ya” si viunganishi vya kupambia insha. Ukivibadilishana nafasi, injini inakufa.

Mimi nimejaribu. Niliandika hatua za mzee katika ukurasa mmoja, nikampelekea. Alisoma taratibu akifuatisha kwa kidole chenye grisi, akaomba kalamu, akafuta neno langu “kilainishi” na kuandika juu yake: oili.