Mkanda pekee hautoshi trela linapokutana na matatu

ABIRIA anayetoka Funyula kwenda Busia na kuendelea hadi Kisumu aghalabu husafiri kwa matatu yenye pua fupi mno. Injini imewekwa chini ya viti vya mbele, hivyo hakuna boneti ndefu ya kukunjika na kupunguza kishindo. Magari yanapogongana ana kwa ana, miguu ya dereva na ya walioketi kando yake ndiyo hupokea pigo la kwanza.

Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, alijaribu kuikabili hatari hiyo. Kanuni zake, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliwalazimu wenye matatu kuweka mkanda katika kila kiti pamoja na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Nidhamu ilionekana kwa muda. Baadaye mkanda (mara nyingi mchafu, wa kuharibu shati) ukawa kitu cha kushikiliwa kifuani kizuizi cha polisi kinapokaribia.

Hiyo ni hasara kubwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa walioketi mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Wa nyuma asiyejifunga naye hurushwa na kumponda aliye mbele yake, hata ikiwa huyo amejifunga.

Hata hivyo, hesabu hubadilika trela linapohusika. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori la ekseli saba kufikisha tani 56, ilhali matatu ya abiria 14 haifiki tani nne. Yakikabiliana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, lori hupoteza takriban kilomita 11 tu za mwendo wake. Matatu husimamishwa ghafla, kisha husukumwa kinyumenyume kwa kasi inayokaribia kilomita 70. Hakuna mkanda unaoweza kuhimili hayo.

Kwa hivyo foleni za malori huko Malaba si kero ya wafanyabiashara pekee. Mwaka wa 2020, upimaji wa Korona ulipowachelewesha madereva mpakani, foleni hiyo ilienea kwa kilomita nyingi. Gari dogo linalotaka kuipita foleni ya aina hiyo hulazimika kutumia upande wa magari yanayokuja, mengi yakiwa malori yanayotoka Uganda.

Ni rahisi kumkamata abiria asiyejifunga. Kuyaondoa malori barabarani na kuyatengea uwanja wa kusubiri kunahitaji ardhi na fedha, na hapo ndipo maafisa wa usalama barabarani husikika kwa nadra.