UCHAMBUZI: Zege lipimwe linakomwagwa, si mlangoni pa lori

KILA jengo linapoporomoka humu nchini, lawama huelekezwa kwanza kwa saruji duni, kisha kwa nondo nyembamba, halafu kwa maafisa waliofumba macho baada ya kupokea kitu kidogo. Mara nyingi lawama hizo huwa na msingi. Hata hivyo, kuna mshukiwa mmoja asiyetajwa kamwe, kwa kuwa haonekani wala hauzwi dukani. Huyo ni hewa.

Hewa inayozungumziwa ni ile inayobaki ndani ya zege baada ya saruji, mchanga, kokoto na maji kuchanganywa. Zege lililoshindiliwa barabara huwa na hewa ya takriban asilimia moja hadi mbili. Ikizidi hapo, wahandisi hukadiria kwamba kila asilimia moja ya ziada hupunguza nguvu za zege kwa karibu asilimia tano.

Kwa hivyo, nguzo yenye hewa iliyozidi kwa asilimia tano huwa imepoteza karibu robo ya nguvu zake kabla ya mpangaji wa kwanza kuingiza kitanda chake.

Suala hili limekuwa zito zaidi kutokana na jinsi miji yetu inavyojengwa siku hizi. Zamani vibarua walijipanga kwenye ngazi za mbao wakipokezana karai. Lakini majumba kama Britam Tower jijini Nairobi, lenye kimo cha mita 200, hayawezi kujengwa kwa karai. Zege huletwa kwa lori, likamiminwa kwenye pampu na kusukumwa kwa mabomba hadi linakohitajika. Sasa pampu hizo zinaonekana hata mitaani, kwenye majumba ya kukodisha ya orofa sita au saba.

Wengi hudhani pampu hubeba zege tu jinsi mfereji unavyobeba maji. La hasha. Ndani ya bomba, zege hubanwa kwa shinikizo kubwa na viputo vidogo vya hewa huyeyuka ndani ya maji yaliyomo. Shinikizo likiisha, hewa hiyo hurudi ikiwa na viputo vikubwa zaidi, au hutoweka.

Mkono wa pampu nao ukielekezwa chini wima, zege huporomoka kwa uzito wake lenyewe badala ya kusukumwa. Ombwe hutokea ndani ya bomba, viputo hutanuka, na zege linapogonga chini hupasuka.

Katika nchi zenye baridi kali kama vile Marekani na Canada, jambo hilo huwakosesha wahandisi usingizi. Huko hewa hutiwa kwenye zege makusudi, kwa kawaida kati ya asilimia nne na saba. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia tisa, na viputo hivyo huwa nafasi ya kutanukia. Bila viputo, barabara na madaraja hubambuka baada ya majira machache ya baridi.

Siri hiyo iligunduliwa kwa bahati nchini Marekani katika miaka ya 1930, ilipobainika kwamba barabara zilizojengwa kwa saruji iliyosagwa pamoja na mafuta ya wanyama zilistahimili barafu kuliko nyingine. Tangu hapo hofu yao imekuwa moja, kwamba pampu itawapunguzia hewa. Ndiyo maana huweka kizingo mwishoni mwa mpira, au huulaza chini, ili zege lisianguke kwa kasi.

Kwetu hofu ni kinyume cha hiyo. Ukiondoa kilele cha Mlima Kenya na vyumba vya kuhifadhia nyama na samaki, hatuna mahali ambapo zege huganda na kuyeyuka. Hewa ya ziada haitupi faida hiyo. Inatutoza nguvu tu. Mwanakandarasi anayenakili masharti ya nchi za baridi neno kwa neno ananunua ugonjwa asiokuwa nao.

Na hewa hiyo ina njia nyingi za kupenya. Baadhi ya dawa za kulainisha zege ili lipite kwenye bomba huzalisha viputo, hasa kipimo kikizidishwa. Sinia la pampu likiachwa likaribie kukauka, pampu hufyonza hewa pamoja na zege, na mpira unaweza kuruka ghafla na kumjeruhi fundi aliyeushika.

Kisha kuna msongamano wa magari. Lori likikwama saa mbili katika Barabara ya Mombasa, zege hufika likiwa zito, na dawa ya haraka huwa ni maji. Maji hayo yakikauka huacha matundu ambayo kipimo cha hewa hakiyaoni, ingawa madhara yake kwa nguzo ni yale yale.

Haitakuwa haki kudai kwamba hewa ndiyo iliyoangusha jengo la Huruma usiku wa Aprili 29, 2016, ambapo watu wasiopungua 50 waliangamia. Jengo hilo lilikuwa kando ya mto, halikuidhinishwa na lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa. Mahali ambapo sheria imepuuzwa kiasi hicho, kujadili viputo ni anasa. Ninayoyazungumzia hapa ni majengo yaliyo na vibali, mhandisi na faili kamili ya vipimo, ambayo wanunuzi wanayaamini kwa sababu ya faili hiyo.

Je, vipimo hivyo hupima nini? Desturi ni kuchota zege kutoka kwenye lori, kulijaza kwenye viunzi vya mchemraba na kuvipasua katika maabara baada ya siku 28. Zege hilo halijapita kwenye pampu wala halijaonja maji yaliyoongezwa baadaye. Isitoshe, fundi wa maabara hulishindilia kwa utulivu hadi hewa yote itoke, ilhali ndani ya nguzo iliyosongamana nondo, kibarua aliyechoka hutumbukiza mtambo wa kutikisa zege mara mbili tatu na kuondoka. Mbao zikibanduliwa, nguzo huonekana ina mashimo kama masega ya nyuki, na kesho yake inapigwa plasta.

Tena siku 28 ni muda mrefu. Matokeo yanapowasili, mwanakandarasi mwenye haraka huwa amemwaga slabu nyingine mbili au tatu juu ya ile inayotiliwa shaka. Ni mhandisi gani atakayethubutu kuagiza zibomolewe?

Kipimo cha hewa hakihitaji subira hiyo. Chungu maalumu cha kupimia kwa shinikizo hutoa jibu kwa dakika chache. Asiye nacho anaweza kutumia mizani. Zege la kawaida huwa na uzito wa karibu kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo, kumaanisha kwamba chombo cha lita 10 kilichojazwa na kushindiliwa hubeba takriban kilo 24. Kikipatikana na kilo 22.8, asilimia tano ya kilicholipiwa haimo. Kwa kuwa kokoto zetu nyingi ni za mawe ya volkano ambayo uzito wake hutofautiana, kila mchanganyiko sharti uwekewe uzito wake halisi mwanzoni.

Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968, zimeipa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na serikali za kaunti nafasi ya kuanza upya. Agizo linalohitajika ni fupi: zege lililopigwa pampu lipimwe mwishoni mwa mpira, siku ile ile, mbele ya mhandisi anayetia sahihi, na msimamizi awepo wakati wa kulitikisa. Wanakandarasi watalalamika kuhusu gharama. Chombo cha lita 10 na mizani vinaenea kwenye buti la gari la mkaguzi yeyote.