Filtre ya esanse ni kazi ya kamati, si ya motari peke yake



Kila msimu wa kahawa tunakumbushana: tuchume nyekundu tu, tena imenywe siku ile ile. Ni vema. Lakini kati ya shamba na stasiyo ya kuoshea iko pikipiki. Ikizimika katikati ya mlima, kahawa inalala ndani ya gunia, inachacha, bei inashuka. Hasara hiyo inamrudilia mkulima.

Mara nyingi kinachoizimisha ni uchafu. Esanse tunainunua kando ya barabara kwa makadafi, ndani ya chupa na bidoni, na mchanga humo. Tanki ya zamani inaongeza kutu. Chujio la robine linazuia takataka kubwa tu. Ile laini inapita na kuziba vitundu vya karburateri.

Kwa hiyo tunaona kila pikipiki ya kooperative ifungwe filtre ndogo kwenye tiyo, kati ya robine na karburateri. Injini ipoe kwanza. Moto na sigara vikae mbali. Funga robine, kata tiyo, ingiza filtre, mshale wake uelekee karburateri. Kaza vibanio pande zote mbili, fungua robine, angalia kama haivuji. Tiyo isikunjike wala isiguse injini. Nunua filtre ya pikipiki: huku esanse inashuka kwa uzito wake tu, na filtre ya gari lenye pompi inaweza kuizuia.

Wengine wanasema: "Hayo ni mambo ya motari." Hatukubali. Motari analipwa kwa safari. Filtre ikiziba njiani, ataitoa na kuendelea bila filtre, sababu anatafuta chakula cha leo. Hatumlaumu. Kamati ndiyo iweke filtre ya akiba, iitazame kila juma, ibadilishe ikichafuka, na kuandika tarehe kwenye daftari.

Tusidanganyane: filtre haiponyi esanse iliyochanganywa na petroli ya taa, wala haitegemewi kuzuia maji. Maji yanamwagwa kwa kufungua skrubu ya chini ya karburateri. Hata hivyo, bei ya filtre ni ndogo kuliko ya gunia moja la kahawa iliyochacha. Mkutano mkuu unaokuja, muulize: iko kwenye bajeti yetu?