Zimwi Halizeeki

Wako wenzetu, na baadhi yao ni walimu, wanaozibeza filamu za mazimwi zilizopigwa zamani, zisizo na rangi ila nyeusi na nyeupe. Husema ni upuuzi wa kutishia watoto, na kwamba ufundi wa leo umekwisha kuzizika. Ikiwa ndivyo, mbona Frankenstein, iliyotolewa Marekani mwaka 1931, ingali inatazamwa?

Msomi anaunda kiumbe kwa viungo vya maiti, kisha anaukana ulezi wake. Kiumbe huyo, aliyeigizwa na Boris Karloff, hasemi neno, huguna tu. Anauinulia mikono mwanga, ananyimwa. Anatiwa minyororo, anatishwa kwa mwenge. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Basi zimwi ni yupi hapo: aliyeundwa, au aliyeunda?

Wajapani waliliuliza swali hilo kwa uchungu zaidi. Tarehe 1 Machi, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Majivu yake yenye sumu yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani chomboni mwao. Mmoja wao akafariki mwezi Septemba. Mwezi Novemba mwaka uo huo ikatoka filamu ya Gojira, iliyoongozwa na Ishiro Honda: dubwana lililotimuliwa baharini na mabomu hayo likaja kuuteketeza mji wa Tokyo. Lilikuwa ni mtu tu ndani ya vazi zito. Lakini watazamaji walioiona miji yao ikiungua mwaka 1945 hawakuhitaji rangi ili waujue moto.

Filamu hiyo ilipoonyeshwa Marekani mwaka 1956, ilikatwakatwa, ikapachikwa mwigizaji wa Kimarekani, na mengi ya kulalamikia bomu yakaondolewa. Upuuzi hauogopwi kiasi hicho!

Ufundi huchakaa, swali halichakai. Ndiyo maana filamu hizi zinaishi, na zile zenye madoido bila dhamira husahauliwa kabla ya msimu kwisha.

Nasi tunalo zimwi letu, lile lililomfungia msichana ngomani, likamwimbisha kijiji hadi kijiji ili lishibe lenyewe. Je, huo si unyonyaji? Mwalimu, usilifukuze zimwi darasani. Waulize vijana wako: nani kaliumba, na nani analilisha?